Huna pesa ya wakili? Soma kwanza tarehe iliyo kwenye karatasi yako

Kabla hujaanza kuulizia wakili wa bure anapatikana wapi, itoe ile karatasi uliyoiweka kabatini. Iwe wito wa mahakama, barua ya kuachishwa kazi, nakala ya hukumu au notisi ya kukutoa kwenye nyumba, tafuta tarehe. Kuna tarehe iliyoandikwa na kuna siku uliyokabidhiwa, na mara nyingi hazilingani. Toa nakala, kisha nyuma yake andika tarehe zote mbili pamoja na jina la aliyekukabidhi. Kazi hiyo unaweza kuifanya leo bila kumlipa mtu.

Naanzia hapo kwa sababu ya yale ninayoyaona. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Tanzania Bara. Meza yangu iko kwenye ofisi ya kata, na watu wananiletea mambo ya ardhi, mirathi, ndoa, kazi na matunzo ya watoto. Wengi wanafika wakiamini kwamba kilichowakwamisha ni pesa ya wakili. Msaada wa bure upo, na upo kwa mujibu wa sheria. Nitaeleza namna ya kuufikia. Ila kinachowaumiza zaidi ni siku. Mtu anakaa na hukumu miezi mitatu akichangisha pesa kwa ndugu ili aweke wakili, kumbe muda wa rufaa yake ulikuwa siku 30. Anapofika kwangu madai yake ni ya kweli na mashahidi anao, lakini muda umeshapita.

Siku zako ni ngapi

Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo watu wanaiita CMA. Madai mengine ya kazi, kama mishahara ambayo haikulipwa, yana siku 60. Kujaza Fomu Namba 1 ya Tume hakuna ada. Nakala moja unampelekea mwajiri, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Usikubali kupotezewa muda na ahadi za "tutakuita tuongee". Ongeeni, hakuna ubaya, lakini fomu iwe imeshaingia. Madai yakiwa Tume bado mnaweza kupatana, tena Tume yenyewe huanza na usuluhishi.

Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo inakatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu siku iliposomwa. Kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ikikatiwa rufaa Mahakama Kuu, kwanza inatolewa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu hati ya rufaa ndani ya siku 45; muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu unaondolewa kwenye hesabu hiyo. Aliyefungwa anapitishia makaratasi yake kwa ofisa wa gereza, kwa hiyo ndugu mnaokwenda kumtembelea, swali la kwanza baada ya salamu liwe "Umeshatoa notisi?"

Kwenye ndoa, hati ya baraza la usuluhishi inayosema kwamba mmeshindwa kupatanishwa haiishi milele. Ombi la talaka linatakiwa kufika mahakamani kabla hati hiyo haijatimiza miezi 6. Madai yatokanayo na mkataba yana miaka 6. Ya ardhi yana miaka 12, na usidanganywe na ukubwa wa namba hiyo, kwa sababu ukimwacha mtu amejenga na kulima muda wote huo ukinyamaza, kumtoa inakuwa shughuli nyingine kabisa.

Ikiwa muda umepita, usikate tamaa moja kwa moja. Mahakama inaweza kuongeza muda ikipewa sababu ya msingi. Hapa ndipo watu wanapofeli. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba anayeomba kuongezewa muda anapaswa kueleza kila siku aliyochelewa. Kusema "nilikuwa naumwa" hakutoshi. Kinachotakiwa ni karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Ukisema ulikuwa unasubiri nakala ya hukumu, onesha barua uliyoiandika kuiomba, yenye muhuri wa masjala, yaani ofisi ya mahakama inayopokea nyaraka. Kwa hiyo siku hukumu inaposomwa, kama hukuridhika, usitoke mahakamani kabla hujaandika barua ya kuomba nakala. Mistari mitatu inatosha: jina lako, namba ya kesi, na ombi. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri urudi nayo nyumbani.

Kuna mzee mmoja alinijia na mfuko wa nailoni umejaa karatasi, amezikunja nne nne. Alitaka kunisimulia tangu babu yake alipofyeka pori. Nilimsikiliza, maana mtu mzima humkatizi, huku nikifungua karatasi moja moja na kuzipanga mezani kwa tarehe. Chini kabisa ilikuwamo hukumu. "Mzee wangu, hii ilisomwa ukiwepo?" "Nilikuwepo, mwanangu." Tukahesabu kwenye kalenda ya ukutani, kidole changu na chake. Zilikuwa zimebaki siku nne. Habari za babu tukaziweka pembeni. Nikampigia simu wakili wa shirika tunaloshirikiana nalo, nikampigia picha kila ukurasa na kumtumia, na kesho yake mzee akapanda gari kwenda mjini. Rufaa yake iliingia ndani ya muda. Angekuja wiki iliyofuata, nisingekuwa na la maana la kumwambia.

Nani anastahili, na nani anatoa

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayosimamia jambo hili Tanzania Bara. Kwa lugha nyepesi, anayestahili ni mtu ambaye kipato chake hakitoshi kumlipa wakili. Huhitaji kuwa huna kabisa. Mama ana genge, baba ana bodaboda, binti ana mshahara unaoishia kwenye kodi ya chumba. Wote hawa wanaweza kustahili. Watoa huduma wengi wataomba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Ifuate mapema, na mwambie mtendaji au mwenyekiti aandike hali yako ilivyo: unaishi na nani, unafanya shughuli gani, una wategemezi wangapi. Barua inayosema tu "mtajwa ni mkazi wa hapa" inathibitisha makazi, haielezi uwezo.

Tofauti kati ya msaidizi wa kisheria na wakili uijue mapema, isije ikakukwaza katikati ya safari. Msaidizi wa kisheria kama mimi anakuelimisha, anakuonesha chombo sahihi cha kupeleka jambo lako, anakusaidia kupata nyaraka, na anaweza kuwakalisha wewe na mwenzako mkatafuta suluhu. Sisimami mahakamani kukutetea, na sijifanyi wakili. Anayesimama ni wakili, ambaye unaweza kumpata kupitia shirika la msaada wa kisheria. Kwa mambo mengi ya watu wa kawaida msaidizi anatosha, na ndiye aliye karibu. Sote wawili, sheria inatukataza kukutoza ada kwa huduma hiyo.

Pa kuanzia ni halmashauri yako. Sheria imeweka Msajili wa watoa huduma za msaada wa kisheria, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na wasajili wasaidizi mikoani na wilayani. Kwa kawaida kazi hiyo inafanywa na maafisa maendeleo ya jamii. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii, uliza: "Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwenye wilaya hii ni akina nani, na wanakaa wapi?" Swali hilo lina majibu, na ni kazi yao kukujibu.

Kwa mashirika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwepo tangu 1995. Kwa wanawake na watoto kuna Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kilichoanza 1989, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, cha 1990. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati ya msaada wa kisheria ya walimu wa sheria tangu miaka ya 1960. Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, ndicho chama cha mawakili wenyewe, nacho hutoa msaada. Zipo pia nyakati ambazo huduma inakufuata: Wiki ya Sheria, mahakama zinapotoa elimu na ushauri kwa wananchi kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023 na kuzunguka mikoani. Nenda, lakini beba karatasi zako. Nawaona watu wanapanga foleni nusu siku, wakifika mbele wanasema "hati iko nyumbani", na wakili anabaki kuwapa maneno ya jumla tu.

Uliye Zanzibar, sheria yako ni nyingine, ya mwaka 2018, na muundo wa mahakama ni tofauti, ikiwemo Mahakama ya Kadhi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanza 1992, ni mahali pazuri pa kuanzia. Muda na taratibu nilizotaja hapa ni za Bara.

Namna ya kuja mezani

Wakili wa msaada ana mafaili mengi na dakika chache kwa kila mtu. Sitaki uende ukazitumie zote kuelezea hasira, hata kama hasira yenyewe ni halali. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda, kaa chini uandike ukurasa mmoja. Anza na tarehe, kisha kilichotokea, kisha nani alikuwepo, kisha karatasi gani inaonesha hilo. Mfano wa ukurasa wa mtu anayedai kiwanja uwe hivi:

"Machi 2016: nilinunua kiwanja kwa shilingi 1,800,000. Mkataba ninao. Mashahidi: balozi na dada wa muuzaji. Balozi amefariki, dada yupo.
Agosti 2019: nilijenga msingi. Picha ninazo kwenye simu.
Januari mwaka huu: mtu mwingine alimwaga mchanga, akasema ameuziwa. Nilikwenda kwa mtendaji, akatuita. Barua ya wito ninayo. Mwenzangu hakuja.
Ninachotaka: kiwanja changu. Sitaki kurudishiwa pesa."

Mstari wa mwisho ni wa muhimu kuliko unavyodhani. Wengi wakiulizwa "unataka nini?" wanajibu "nataka haki yangu", na hapo hakuna wakili anayeweza kuandika hati ya madai. Unataka nyumba, au fidia? Unataka talaka, au matunzo tu ya watoto na ndoa ibaki? Unataka kurudi kazini, au malipo yako? Ulale nalo, uamue.

Andika na yale yanayokuumbua. Kama uliwahi kusaini karatasi ya kupokea pesa, sema. Kama mlishawahi kwenda baraza ukashindwa, sema, na ulete karatasi yake. Wakili wako akijua mapema anaweza kujipanga. Akilisikia mara ya kwanza kutoka kwa upande wa pili, tena mbele ya hakimu, hana la kufanya. Mambo unayomweleza ni siri, na sisi wasaidizi wa kisheria nasi tunatunza siri hivyo hivyo. Sisimulii ya mama fulani kwa jirani yake.

Nyaraka halisi zishike mwenyewe. Toa nakala, na kama kuna ulazima wa kuacha halisi, andikiana na anayepokea: jina la hati, tarehe, saini yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye migogoro ya ardhi maneno hayo nimeyaona kwa macho. Ujumbe wa simu usiufute. Muamala wa simu uliomtumia mtu pesa ni ushahidi mzuri; kama meseji imepotea, kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala. Picha ya mpaka, ya mti uliokatwa, ya ukuta uliobomolewa, ipige siku hiyo hiyo, isipite hata wiki.

Kabla hujaondoka kwa aliyekuhudumia, uliza mambo haya na uandike majibu: nani anashika faili langu, hatua inayofuata ni ipi, nirudi lini, na kitu gani nisifanye wakati huu. Hilo la mwisho limewaokoa wengi. Kuna watu wanasaini makubaliano na mdaiwa wao barabarani wakati kesi inaendelea, hawajui kilichoandikwa.

Mahakama ya Mwanzo usiiogope

Kesi nyingi za familia na madai ya kawaida zinaanzia Mahakama ya Mwanzo, na pale mtu anaweza kusimama mwenyewe. Lugha ni Kiswahili. Unaweza kueleza madai yako kwa mdomo yakaandikwa. Kama wewe ni mgonjwa au mzee, kwenye shauri la madai unaweza kuiomba mahakama imruhusu ndugu yako au mtu wa kaya yako akuwakilishe, tena bila kuwa mwanasheria. Nimemwandaa kijana mmoja aliyekwenda kumsimamia bibi yake kwa staili hiyo. Tulichofanya ni kurudia maelezo mpaka akaweza kusema jambo moja kwa wakati, bila kumrukia shangazi yake aliyekuwa upande wa pili.

Ada za mahakama ni suala tofauti na la wakili. Watu wanachanganya haya mawili, wanadhani wakipata wakili wa bure kila kitu ni bure. Ada ya kufungua shauri inalipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na unapata risiti. Usimpe karani pesa mkononi. Kama huiwezi, unaomba mahakama ikuruhusu kufungua bila kulipa. Utaratibu huo upo kwa wasio na uwezo, na ile barua ya mtendaji inafanya kazi tena hapa. Hilo nalo linaombwa mwanzoni kabisa.

Mirathi inaniumiza roho zaidi ya vyote, kwa sababu ndugu wa marehemu wanafika wakiwa wameshagawana vitu, mjane yuko nje. Mjane, shika cheti cha kifo, na kama huna kifuatilie RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo. Hudhuria kikao cha ukoo, jina lako liwe kwenye muhtasari. Anayependekezwa kusimamia mirathi siye mrithi wa yote. Ni mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili, na anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa. Msimamizi asipofanya hivyo, nenda mahakama ile ile iliyomteua ukaeleze. Huhitaji kufungua kesi mpya kwingine, na mahakama inaweza kumwondoa.

Kwa mama aliyekaa nyumbani miaka yote akilea na kulima, anaambiwa "wewe hujachangia hata tofali": tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika mali ya ndoa. Usiondoke mikono mitupu kwa kukosa kujua hilo. Ila kiasi cha mgawo kinategemea ushahidi, kwa hiyo kumbuka ng'ombe uliouza, mkopo wa kikoba uliouingiza kwenye bati, na mashahidi waliokuona ukisomba maji ya ujenzi. Yote hayo yaingie kwenye ule ukurasa.

Ardhi ina mlango wake. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kuwapatanisha linakupa hati, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita hawajakusuluhisha, unaruhusiwa kwenda mbele bila kuendelea kusubiri.

Ukikamatwa, au ndugu yako akikamatwa

Hapa hakuna muda wa kutafuta shirika kwanza. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne, na ukiongezwa unaongezwa kwa utaratibu. Kosa linalodhaminika, dhamana ni haki yake, na haiuzwi. Maneno hayo utayakuta yamebandikwa kwenye vituo vingi. Asipopewa dhamana anatakiwa afikishwe mahakamani, na kwa makosa ya kawaida hesabu ni saa 24.

Kitu ninachowasisitiza ndugu wamwambie mtu wao ni kuhusu maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikishwa polisi. Asisaini wala asiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hajaisoma au hajasomewa. Ana haki ya kunyamaza. Wengi wanasaini kwa kuambiwa "saini uende nyumbani", na karatasi hiyo inakuja kusomwa mahakamani miezi kadhaa baadaye.

Akifika mbele ya hakimu na hana wakili, aseme kwa sauti: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba nipatiwe msaada wa kisheria, na ombi langu liandikwe." Chini ya Sheria ya 2017, hakimu au jaji akiona kwamba haki inahitaji mshtakiwa awe na mtetezi na kwamba hana uwezo, anaagiza apatiwe. Kwa kesi za mauaji Mahakama Kuu, wakili anapangwa kwa gharama za serikali. Mtoto wa chini ya miaka 18 asihojiwe peke yake. Mzazi au mlezi awepo, na ofisa ustawi wa jamii aitwe.

Uliyepigwa au kubakwa, nawe una mlango. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Unapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Kama hali ni mbaya nenda hospitali kwanza, fomu itafuata. Usioge, usifue nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi.

Jihadhari na vishoka

Nje ya mahakama utakutana na mtu nadhifu, ana mkoba, anajua majina ya makarani. Atakwambia kesi yako ni ndogo, anaijua, umpe kidogo ya kuanzia. Vishoka hao wameharibu kesi za watu kwa hati zisizofaa ambazo zinatupwa siku ya kwanza. Wakili wa kweli ameorodheshwa, na mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaokuwezesha kutafuta jina lake na kuona kama leseni yake iko hai. Msaidizi wa kisheria wa kweli amesajiliwa, na ofisi ya maendeleo ya jamii inamjua. Muulize kitambulisho bila aibu. Mimi mtu akiniuliza changu namheshimu zaidi.

Akikudai pesa mtu aliyepewa jukumu la kukuhudumia bure, kataa, andika tarehe na kiasi, na ulalamike kwa msajili msaidizi. Huko huko ndiko unakopeleka malalamiko ukinyimwa huduma bila sababu. Watoa huduma wanaweza kukukatalia kwa sababu halali: jambo lako liko nje ya kazi yao, au upande wa pili ameshafika kwao kabla yako. Omba wakuandikie barua ya kukuelekeza kwa shirika jingine, yenye maelezo mafupi ya kesi. Ukifika kule na barua hiyo huanzi upya.

Na wakati wote unaosubiri wakili apatikane, tarehe ya kesi ikifika, nenda. Usikae nyumbani kwa kudhani kwamba bila wakili hutasikilizwa. Fika mapema, mwambie karani upo, jina likiitwa simama useme kwamba umeomba msaada wa kisheria, onesha karatasi ya kuthibitisha, na uombe ahirisho fupi. Mahakimu wengi wanakubali mara ya kwanza wakiona karatasi. Usipotokea, wewe uliyefungua shauri linaweza kufutwa, na wewe unayedaiwa linaweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka hujasema neno. Ikishakutokea hivyo, wahi kwenye masjala ya mahakama hiyo hiyo uulize utaratibu na muda wa kuomba shauri lirudishwe au hukumu ya upande mmoja iondolewe, na ubebe ushahidi wa kilichokuzuia siku ile.